Kashfa, Uchochezi na Kibao cha Shingoni: Mipaka ya Kusema katika Nchi ya Wasukuma

Watu wa lugha tuna tabia ya kuliuliza neno linakotoka kabla ya kulitumia. Tuyaulize basi maneno mawili ambayo kwa zaidi ya miaka 60 yamewafikisha watu wengi kizimbani katika nchi yetu. La kwanza ni kashfa. Limetujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kufunua, kuondoa kilichofunika. Katika Kiswahili limeelemea upande wa fedheha: kumkashifu mtu ni kumvunjia heshima mbele za watu. Hata hivyo maana ya zamani haijafa. Ukisema siri ya mtu imekashifiwa, kila mmoja anaelewa kwamba kilichokuwa gizani kimetolewa nje. La pili ni uchochezi, na hili ni la jikoni kwetu. Kuchochea ni kuzisukuma kuni ndani zaidi ya mafiga ili moto uwake vizuri. Aliyewahi kupika kwa kuni anajua kwamba huwezi kuchochea mahali pasipokuwa na moto.

Naandika haya nikiwa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Hii ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, nchi ya udongo mweusi unaonata miguuni masika na kupasuka vipande kiangazi. Almasi za Mwadui zimo ndani ya wilaya yetu. Dhahabu ya Kahama na ya Geita iko magharibi yetu. Katika midahalo ya shule za huku hurudi mara kwa mara hoja ileile: je, uhuru wa kusema uwe na mipaka shuleni na katika jamii? Upande mmoja hukubali, mwingine hukataa, saa moja huisha, kengele hugongwa, vijana huenda kula. Kwa maoni yangu swali hilo limeulizwa kwa namna isiyomsaidia yeyote, kwa sababu mipaka haijawahi kukosekana popote duniani. La kuuliza ni ulimi wa nani uliofungwa, na ulifungwa ili kumkinga nani. Historia ya ukanda huu inalijibu swali hilo waziwazi kuliko vitabu vya uraia nilivyowahi kuvisoma.

Nianze na mahali ambapo Wasukuma wenyewe waliweka mipaka yao kabla ya hakimu wa Kizungu kufika: uwanja wa ngoma. Wasomaji wa pwani wanayajua malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilumbana na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama wa kweli, na beti zikabeba kilichoshindikana kubebwa na mabalozi. Sisi wa bara tuna Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vikuu vya ngoma ambavyo masimulizi yanavihusisha na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi, pande mbili hukabiliana uwanjani, kila upande na ngoma zake, dawa zake za mvuto na ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Hucheza kwa wakati mmoja, na mwamuzi ni umati: unakoelekea ndiko ushindi ulikokwenda.

Kwa anayependa ushairi, hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Ndani ya uwanja ningi alikuwa na ruhusa ambayo hakuwa nayo nyumbani kwake. Aliweza kumkejeli mpinzani, umaskini wake, umbo lake, woga wake. Aliweza pia kumgusa mtemi au ofisa, kwa fumbo au bila fumbo. Ruhusa hiyo ilikuwa na uzio wa mahali na wa msimu. Maneno yaleyale yakitamkwa usiku mlangoni kwa mtu yalikuwa ugomvi, na wazee, banamhala, waliweza kutoza faini au kuamuru mtu atengwe. Kutengwa hapa si jambo dogo. Hupewi moto, husaidiwi kulima, msiba wako unauzika mwenyewe. Kwa hiyo Usukuma wa kale haukuwa nchi ya kusema lolote popote, kama baadhi yetu tunavyopenda kujisifu tukiwa mjini. Ulikuwa umejenga mahali pa kusemea, na mahali hapo aliyesemwa alikuwa na ningi wake wa kumjibu papo hapo. Siichukulii sifa hii ya mwisho kirahisi. Nitaitumia kama kipimo mpaka mwisho wa makala haya.

Sasa tufike miaka ya 1950. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Kabla mwaka haujaisha, serikali ya kikoloni ilikuwa imekifunga chama hicho katika Jimbo la Ziwa, na Usukumani marufuku hiyo iliendelea hadi mwaka 1958. Sababu iliyotolewa ilikuwa amani. Sababu iliyokuwa inaonekana kwa macho ilikuwa ng'ombe na jembe. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulileta kanuni za kupunguza mifugo kwa lazima, za kulima kwa matuta ya namna iliyoamriwa, za kodi na vibali. Kwa Msukuma, kuamriwa kuuza ng'ombe ni kuamriwa kuuza mahari ya mwanawe na akiba ya njaa ya mwaka kesho. Watu walinung'unika. Na serikali, badala ya kuuzima moto, iliamua kumtafuta anayezisukuma kuni.

Mwaka 1955 Kanuni ya Adhabu iliongezewa kifungu cha 63B. Kifungu hicho kilifanya kuwa kosa kutoa mbele ya mkusanyiko kauli inayoelekea kuleta manung'uniko miongoni mwa wakazi wa nchi au chuki kati ya makundi ya watu. Wapenzi wa lugha, yatazameni vizuri maneno hayo. Kitu cha kwanza kinachopimwa ni hali ya mioyo ya wasikilizaji. Mkulima akiwaambia wenzake kwamba kanuni ya mifugo inawafilisi, nao wakanung'unika kwa sababu kweli inawafilisi, mnung'uniko wao wenyewe unageuzwa ushahidi dhidi ya aliyesema. Kifungu hicho kilivuka uhuru na kuendelea kukaa katika Sura ya 16 ya sheria zetu, kikiwa kimebadilishiwa jina la nchi tu.

Mwaka 1957 serikali ilimpiga Julius Nyerere marufuku ya kuhutubia hadharani. Mwanadamu akizibwa mdomo hutafuta kalamu, na TANU ilikuwa na Sauti ya TANU, karatasi za kudurufu zilizoshonwa pembeni, ambazo leo tungeziita kijarida. Ndani ya kijarida hicho, mwaka 1958, Nyerere aliandika makala akiwatuhumu maofisa wilaya wawili wa Kiingereza kwa kutumia vibaya mamlaka yao dhidi ya watu wa chama chake. Akashtakiwa kwa kashfa, na kashfa ya jinai, ambayo mshitaki wake ni dola yenyewe. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam katikati ya mwaka huo. Wakili mashuhuri wa Uingereza, D. N. Pritt, ambaye miaka michache nyuma alimtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, alikuja kumtetea. Hakimu alimtia hatiani na kumpa chaguo: shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Nyerere alilipa.

Shilingi 3,000 za mwaka 1958 zilikuwa fedha nyingi, lakini si fedha zinazonifanya nirudi kwenye kesi hiyo. Narudi kwa sababu ya kilichokuwa kikiendelea huku kwetu katika miezi hiyohiyo. Geita, serikali ilikuwa imeunda halmashauri ya wilaya ya rangi mseto, yenye viti vya Wazungu na Waasia katika wilaya ambayo wakazi wake karibu wote walikuwa Waafrika. Watu hawakuulizwa, na chama ambacho kingewasemea kilikuwa kimefungwa. Basi wakasema kwa miguu. Maelfu walitoka Geita kwenda Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo, wakakaa huko siku kadhaa wakidai kusikilizwa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Kabla ya mwaka kwisha marufuku ya TANU Usukumani ilikuwa imeondolewa, na muda si mrefu halmashauri za rangi mseto zikaachwa. Tazameni hesabu hiyo. Miaka minne ya kuwanyamazisha watu haikuleta utulivu uliokusudiwa. Ilileta msafara wa watu wenye hasira ambao serikali haikujua ungetokea, kwa kuwa ilikuwa imeziba masikio yake ilipokuwa ikiziba midomo ya wengine.

Mtu angetarajia kwamba aliyetiwa hatiani kwa kashfa mwaka 1958 angekuwa wa kwanza kuzifuta sheria hizo alipoingia Ikulu. Haikuwa hivyo. Serikali ya uhuru ilikataa kuiwekea katiba Hati ya Haki, ikipitisha badala yake, mwaka 1962, sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Hati ya Haki iliingia katika katiba mwaka 1984, Nyerere akikaribia kung'atuka. Ibara ya 18 ikampa kila mtu uhuru wa maoni, nayo ilipoandikwa upya mwaka 2005 yaliondolewa maneno yaliyoufanya uhuru huo utegemee sheria nyingine. Katikati ya safari hiyo ilipita Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa saini yake, ikafuatwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 2019 kuwa baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa jumuiya. Sina haja ya kuorodhesha magazeti yaliyofungwa. Nitataja moja tu linalowagusa wanaosoma ukurasa kama huu: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie leseni na ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni mbili. Baadaye zililegezwa. Lakini kwa muda, katika nchi ya Shaaban Robert, kuanika mashairi yako hadharani kulihitaji fedha ya kununulia ng'ombe kadhaa.

Na kwa kuwa nimemtaja Shaaban Robert, yafaa tukumbuke kwamba aliyaona haya mapema. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu cha kesi. Mshitakiwa, Karama, kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa wakarudi na ukweli, kisha wakaadhibiwa kwa kuuleta. Aliyeandika alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akaiweka nchi yake angani ili isishikike. Jirani yetu Abdilatif Abdalla hakujificha angani. Kwa waraka wake wa mwaka 1968 ulioiuliza Kenya inakwenda wapi alifungwa miaka mitatu, na beti alizozitunga gerezani, Sauti ya Dhiki, zikatoka mwaka 1973. Washairi wa Kiswahili hatuna haja ya kuhadithiwa na wageni bei ya uchochezi.

Turudi kwenye dhahabu. Agosti 1996, huko Bulyanhulu, wilayani Kahama, ndani ya Mkoa wa Shinyanga, wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu ili kupisha kampuni ya uchimbaji yenye mmiliki wa Kanada. Palizuka madai mazito kwamba mashimo yalifukiwa wakati watu wamo ndani, na idadi iliyotajwa ilizidi 50. Serikali ilikana, kampuni ilikana, na ofisi ya Benki ya Dunia iliyopokea malalamiko hayo haikuyaona kuwa yamethibitishwa. Mwaka 2002 mawakili wa mazingira waliokuwa wakiyafuatilia, Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, pamoja na mwanasiasa Augustine Mrema, walishtakiwa kwa uchochezi.

Siandiki hapa kuamua nini kilitokea ndani ya mashimo yale. Naandika kuonyesha kazi ambayo neno uchochezi lilifanya. Madai ya aina ile yana njia zake: uchunguzi wa wazi, ushahidi wa mashahidi, ufukuaji wa mashimo kama itabidi. Kama ni uongo, uchunguzi unausafisha uso wa aliyesingiziwa kwa namna ambayo amri haiwezi. Shtaka la uchochezi liligeuza shabaha. Swali likaacha kuwa mashimoni kuna nini, likawa anayeuliza anataka nini. Zaidi ya miaka 20 baadaye bado utawakuta huku watu wazima wanaoamini hivi, na wengine wanaoamini vile, wote bila kitu cha kushika mkononi. Ukiuliza kinga ile ilimkinga nani, utaona haikumkinga hata mshukiwa.

Kufikia hapa msomaji atadhani namtetea kila mwenye ulimi. Hapana. Ipo mipaka miwili ambayo ukanda huu ulinifundisha kuiheshimu.

Wa kwanza ni wa uchaguzi. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walisimama karibu kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Kampeni zilikuwa na masharti ya kusema: marufuku kutumia kabila, rangi au dini, na lugha iwe Kiswahili tu, hata mbele ya wapiga kura wa lugha moja. Kwa kipimo cha mtetezi mkali wa uhuru, hilo ni dhuluma. Lakini fikirini nchi yenye makabila zaidi ya 120, ambamo sisi Wasukuma ndio wengi kuliko wote. Kura zingeombwa kwa Kisukuma na kwa Usukuma, nani angelala usingizi katika makabila madogo? Sharti lile lilitubana sisi wakubwa kwa faida ya wadogo. Na halikuziba kinywa cha mpiga kura: katika uchaguzi ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwana wa Usukuma aliyejenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliangushwa na wapiga kura wa nyumbani kwake.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi, na huku hatuutaji kwa sauti ya kawaida. Ni kumtaja mtu kuwa mchawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ililifanya kosa hata kumtuhumu mwenzako kwa uchawi, na wapo wanaoicheka sheria hiyo kama kioja cha Waingereza. Sicheki. Hesabu za serikali za mwaka 1970 hadi 1984 zilionyesha watu 3,693 waliouawa nchini kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu walikuwa wa Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mlolongo wake kila mtu huku anaujua. Mtoto anaugua, mganga wa ramli anaulizwa, anatoa jina, au hatoi jina bali anatoa dalili: jirani wa upande wa machweo, mama mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka 40 ya kupikia kuni na samadi. Usiku panga linakuja. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kutisha nchi na dunia, serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, na neno hilo, chonganishi, lilichaguliwa vizuri kuliko uchochezi. Kuchonganisha ni kuwasha ugomvi pale ulipokuwa haupo.

Sasa chukueni kile kipimo cha uwanja wa ngoma. Ofisa wilaya aliyeandikwa vibaya katika Sauti ya TANU alikuwa na serikali nzima ya kumjibia. Kampuni ya dhahabu ina mawakili na magazeti. Bibi wa macho mekundu hana ningi. Hakuna uwanja atakaoitwa kujibu. Anahukumiwa kwa mnong'ono nyuma ya ukuta. Na bado, ukizihesabu nguvu ambazo dola imezitumia kwa miaka 60, utaona mbwa mkali zaidi alifungwa kwenye lango la mwenye nguvu, na bibi akawekewa sheria ya mwaka 1928 ambayo polisi huifungua akiwa amekwisha kuzikwa. Ndiyo maana ya manung'uniko yangu yote.

Shuleni je? Kuna historia inayosimuliwa na historia isiyosimuliwa. Inayosimuliwa ni ya wasomi wakubwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana wakipinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambalo lingewalipa asilimia 40 ya mshahara, na mmoja akabeba bango lililosema afadhali ukoloni. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawafukuza 393, na palepale akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa baada ya mwaka. Bango lile lilikuwa la kijinga na jibu lake lilikuwa kubwa mno; yote mawili ni kweli. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, Cheche, likapigwa marufuku, ingawa liliisifu siasa ya ujamaa, kwa kuwa liliipima kwa vitendo vyake.

Isiyosimuliwa ni ya kibao. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi mwaka 1967, jambo ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa mema makubwa ya nchi hii, shule nyingi za vijijini zilijitungia polisi wake. Katika shule niliyosoma miaka ya 1980, moja ya shule za msingi za huku Kishapu, kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kisukuma alivishwa shingoni, naye akazurura nacho akimtafuta wa kumvisha. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Kilitufundisha kupeleleza kabla ya kutufundisha sarufi: mtoto alimchokoza mwenzake makusudi, akamkanyaga kidole, ili kilio kimtoke katika lugha ya mama yake.

Siku moja mvulana wa darasa la pili alikuja mbio hadi mlango wa ofisi ya walimu. Alikuwa amelowa hadi kiunoni, akisema maneno kwa haraka kwa Kisukuma. Mwalimu wa zamu, ambaye hakuwa mtu wa huku wala hakuwa mtu mbaya, alimwambia kama ilivyokuwa kanuni, "Sema kwa Kiswahili." Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Alilijua neno maji. Hakulijua neno kuzama. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani aliyasikia yale maneno ya kwanza, akaitupa ndoo akakimbilia lambo la kunyweshea ng'ombe, na mtoto aliyekuwa ametumbukia akatolewa akiwa hai. Jioni yule wa darasa la pili alikuwa na kibao shingoni. Hakuna aliyekumbuka kukivua.

Nakipenda Kiswahili. Ndicho ninachoandikia, na sijui kama ningekuwa mwandishi bila shule ile. Lakini kibao ni kizazi cha kifungu 63B. Hakiulizi mtoto amesema nini, kinauliza amesemaje. Na hakikuisha. Katika sekondari kimehamia kwenye Kiingereza, na aibu iliyokuwa ya Kisukuma sasa imekiangukia Kiswahili. Ile midahalo niliyoitaja mwanzoni, juu ya mipaka ya uhuru wa kusema, huendeshwa kwa Kiingereza. Nimehudhuria kadhaa. Husimama wanne au watano waliokariri, na nyuma darasa zima la vijana ambao kwa baba zao wanachunga, kwa mama zao wanavuna, na mwezi Julai wanaimba uwanjani maneno ya kumtoa nyoka pangoni, hukaa kimya.

Tarehe 7 Julai, ile ile ya kuzaliwa TANU, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kwetu inaangukia katikati ya msimu wa ngoma. Nimeombwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya ushairi ya wanafunzi hapa Mhunze siku hiyo, na karatasi ya masharti imekwisha kunifikia: mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, beti zisizozidi saba, siasa hapana, lugha za makabila hapana. Nimewaandikia kuuliza ningi wa Bagalu wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyetunga beti zenye mizani kamili na kuchomeka ndani yake neno moja la Kisukuma ambalo halina mwenzake katika Kiswahili, atawekwa upande gani. Bado hawajanijibu.